Mabua yamejaa, ng'ombe wanakonda: kisa cha hei ya ngwara kwenye boma la ng'ombe 4

Kwa nini kisa hiki

Mimi ni bwana mifugo, na kila kiangazi naitwa kwenye boma lenye chakula tele na ng'ombe waliokonda. Mwenye mifugo huwa ameshanunua dawa ya minyoo mara mbili au tatu kabla hajanipigia simu, kwa kuwa ni vigumu kuamini kwamba mnyama anaweza kushinda na njaa huku mabua yamerundikwa hadi kwenye paa. Nimekiandika kisa hiki kimoja kwa sababu tulitumia mizani kila hatua, na kwa sababu sehemu ya yaliyoharibika yaliharibikia kwenye ushauri wangu. Majina, kijiji na mwaka nimeviondoa. Ng'ombe nimewaita kwa rangi zao.

Boma na chakula chake

Boma liko miteremko ya chini ya Mlima Kilimanjaro, pale ambapo migomba bado inastahimili lakini kahawa imeshachoka. Mzee ana zaidi ya miaka 60, anaishi na mke wake na mjukuu anayesoma sekondari. Kihamba chao, yaani shamba la nyumbani, hakifiki ekari moja. Kama majirani wengi, wana shamba jingine chini tambarare, ekari 2, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, ambako hupanda mahindi ya masika na kuchanganya ngwara, zao la jamii ya maharage, katikati ya mistari.

Ngwara hiyo inahitaji maelezo, maana kisa kizima kinaizunguka. Mahindi yakishavunwa, yenyewe hubaki kijani shambani kwa nguvu ya mizizi yake inayokwenda chini sana. Hutoa maua, huzaa, na kati ya Septemba na Oktoba maganda huwa tayari. Wanunuzi hufika na magari, na mzigo mkubwa huvuka mpaka kwenda Kenya, ambako inaitwa njahi na ni chakula cha heshima, hasa kwa mama aliyejifungua. Katika familia hii fedha ya mahindi ni ya nyumba nzima. Fedha ya ngwara ni ya mama, mke wa mzee. Ndiyo inayonunua sare na kulipa nauli ya mjukuu.

Ng'ombe walikuwa 4, wote chotara wa Friziani, wote wa kufungiwa bandani. Wawili walikuwa wanakamuliwa: Baka na Mwekundu. Wa tatu, Mweusi, alikuwa amekaushwa, yaani ameachwa kukamuliwa, ana mimba ya miezi sita. Wa nne alikuwa mtamba, jike ambaye hajazaa, wa mwaka mmoja na nusu.

Wakati wa mvua boma hili halina shida. Kingo za makinga maji zimepandwa majani ya malisho ya gwatemala na mabingobingo, na mama hapandi kutoka shambani bila mzigo wa majani kichwani. Shida huanza Julai. Hapo mzee hununua mabua ya mpunga kutoka tambarare iliyo chini ya mji wa Moshi, kwenye skimu ya umwagiliaji iliyojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani. Mabua hayo hupatikana kwa wingi na kwa bei nafuu. Kirikuu moja, lile gari dogo la mizigo, ikipakiwa vizuri hulisha boma kama hili kwa siku kumi hivi. Juu ya mabua, kila ng'ombe anayekamuliwa alipewa kilo 2 za pumba za mahindi kwa siku, pamoja na ndoo 2 za maji za lita 20.

Juni, Baka alitoa lita 9 na Mwekundu lita 10 kwa siku. Nilipofika mwisho wa Julai, Baka alikuwa ameshuka hadi lita 4 na Mwekundu lita 5.

Nilichokikuta

"Chakula kipo, bwana mifugo," mzee aliniambia tukiwa bado mlangoni mwa banda. "Hawakitaki tu. Dawa ya minyoo nimewapa mara mbili, na sindano za vitamini wamechomwa."

Alikuwa anasema kweli. Hori zilikuwa zimejaa. Baka alikuwa amesimama mbele ya mabua akichagua majani machache laini na kuyaacha mashina. Hakuwa na homa, tezi hazikuvimba, macho yalikuwa na damu ya kutosha, meno yalikuwa mazima. Lakini mbavu zilihesabika kwa mbali na nyonga zilichomoza. Kwa kipimo cha hali ya mwili cha 1 hadi 5, nilimpa 2. Utepe wa kupimia kifua ulionyesha uzito wa kilo 380 hivi.

Kisha nikaangalia kinyesi, na hapo ndipo nilipoanza kuiacha habari ya minyoo. Kilikuwa kigumu, kimepandana kwa duara kama chapati zilizopangwa, na ukikivunja unaona nyuzi ndefu za mabua ambazo hazijasagika. Kinyesi cha namna hiyo kwa ng'ombe wa maziwa kinasema kwamba chakula kimekaa tumboni muda mrefu bila kuchachuka vizuri. Wenye mifugo wengi huosha banda kila asubuhi bila kukitazama, na ni hasara, kwa sababu ni kipimo cha bure kinachopatikana kila siku.

Nilimwomba mzee tupime. Tulimwekea Baka kilo 10 za mabua asubuhi na kupima mabaki kesho yake. Yalibaki kilo 4 na nusu. Ng'ombe wa kilo 380 aliyepaswa kula kilo 10 au zaidi za chakula kikavu kwa siku alikuwa anakula kilo 5 na nusu za mabua, na zile 2 za pumba.

Hesabu iliyotuonyesha tatizo

Mabua ya mpunga yana protini ya asilimia 3 hadi 5 tu, na yana silika nyingi, ile inayofanya jani la mpunga likwaruze mkono. Ng'ombe hayasagi kwa nguvu zake mwenyewe. Anayafuga mabilioni ya vijiumbe katika tumbo la kwanza, lile kubwa, na vijiumbe hivyo ndivyo vinavyoyachachusha. Navyo vinahitaji kula. Chakula chote cha siku kikiwa na protini chini ya asilimia 7 hivi, vinapungua, kazi inazorota, mabua yanakaa tumboni siku nyingi zaidi, na tumbo likiwa limejaa mnyama hana pa kuweka kingine. Kwa hiyo anakataa chakula akiwa na njaa. Mzee alikuwa anaona kukataa, njaa haikuonekana.

Tukiondoa unyevu, Baka alikuwa anakula kilo 5 za mabua zenye gramu 200 za protini, na pumba zenye gramu 180. Jumla gramu 380 katika kilo 6.8 za chakula, yaani chini ya asilimia 6. Ng'ombe wa uzito wake anahitaji zaidi ya gramu 300 ili tu aishi bila kukamuliwa, na kila lita ya maziwa inadai gramu 85 hivi juu yake. Lita 4 alizokuwa anatoa zilikuwa zinatoka kwenye nyama yake mwenyewe.

Njia tulizozifikiria

Mzee alipendekeza kuongeza pumba. Pumba zina nguvu lakini protini yake ni ya kati, na bei hupanda kiangazi kila mtu anapozitaka. Zingeongeza lita kidogo bila kugusa lile rundo lililokuwa linaachwa kwenye hori.

Mashudu ya alizeti yangefanya kazi vizuri. Lakini yanatoka mbali, Singida na Dodoma, na yanadai fedha mkononi kila wiki katika miezi ambayo maziwa yameshuka na fedha hakuna.

Niliwaeleza pia kuhusu kuyatibu mabua kwa urea: kilo 4 hadi 5 za urea kwa kila kilo 100 za mabua, maji lita 50 au zaidi, kisha kuyafunika kwa plastiki yasipate hewa kwa wiki tatu. Ni njia nzuri na nimeiona ikifaa kwingine. Hapa maji yalikuwa yanabebwa kwa ndoo, na jirani alikuwa amewahi kupoteza ng'ombe aliyelamba mbolea ya urea iliyoachwa wazi. Mama alisema hataki urea karibu na hori, na sikumshinikiza. Mtu anayeogopa dawa ataipima vibaya, na urea iliyopimwa vibaya inaua.

Ikabaki ngwara. Hei ya ngwara, yaani ngwara iliyokaushwa kwa ajili ya malisho, ikiwa imekatwa na maua ina protini ya asilimia 16 hivi. Ina kalsiamu nyingi pia, na hilo lina maana kwa anayelisha mabua ya mpunga, kwa sababu mabua hayo yana oksaleti inayoshika kalsiamu na kumnyima mnyama. Ilikuwa shambani tayari, imelimwa tayari.

Ila ilikuwa ya mama, na kuikata ikiwa na maua ni kuipoteza mbegu.

"Bwana mifugo," aliniambia, "wewe unaona majani. Mimi naona madebe. Niambie debe moja la ngwara linanipa lita ngapi."

Sikuwa na jibu. Miaka yote ile nilikuwa nimefundisha protini na asilimia bila kuulizwa swali la maana kama hilo. Tulikubaliana kwa masharti yake: tukate robo tatu ya ekari kati ya zile 2, tuanze na robo moja kama jaribio, maziwa ya kila siku yaandikwe kwenye daftari, na fedha ya maziwa yatakayoongezeka juu ya lita 4 na 5 iwe yake. Nadhani sharti hilo la mwisho ndilo lililofanya daftari liandikwe bila kuruka siku.

Lengo lilikuwa kilo 2 na nusu za hei kwa kila ng'ombe anayekamuliwa, nusu asubuhi na nusu jioni, ikichanganywa na mabua yaliyokatwakatwa. Pumba tuliziacha vilevile makusudi.

Kukata kwa kwanza: robo ekari iliyopotea

Mwanzo wa Agosti walikata robo ekari, wakaitandaza chini juani siku tano, kisha wakaipakia kirikuu saa saba mchana. Nilikuwa nimewaambia waikaushe vizuri isije ikaota ukungu. Sikuwaambia kingine.

Nilipopita wiki iliyofuata nilikuta kilo 130 za kitu kilichofanana na kuni nyembamba. Majani yalikuwa yamekauka kabla ya mashina, yakawa mepesi kama karatasi, na kila mkono ulioinua mzigo uliyapukutisha. Mengine yalibaki shambani, mengine njiani, na kwenye sakafu ya gari kulikuwa na unga wa kijani ambao dereva aliufagia akamwaga. Unga huo ndio uliokuwa na protini. Shina la ngwara halizidi sana bua la mahindi kwa thamani.

Waliilisha hivyohivyo kwa siku 16. Mabaki ya mabua kwenye hori hayakupungua, na yaliongezewa mabaki ya mashina ya ngwara. Maziwa ya Baka yalifika lita 4 na nusu kwa siku tatu, yakarudi.

Mama hakusema neno. Alinionyesha daftari tu.

Kosa hilo ni langu. Kwa mkulima aliyezoea kukausha maharage na mahindi, "kausha vizuri" ina maana moja: jua kali hadi kikatike. Kwa nafaka ni sawa. Kwa hei ya mikunde ni kuiharibu, na aliyepaswa kujua tofauti hiyo ni mimi.

Kukata kwa pili

Baada ya tarehe 20 Agosti tulikata nusu ekari iliyobaki kwenye makubaliano, na safari hii nilikuwepo. Ngwara ilikuwa na maua na maganda machanga machache. Tulikata asubuhi umande ulipotoka, tukaiacha chini inyauke hadi kesho yake tu. Siku ya pili alfajiri, ikiwa bado na unyevu wa usiku na majani hayavunjiki, tuliihamishia kwenye vichanja vya miti mitatu iliyofungwa juu, chini ya kivuli cha miembe iliyo mpakani mwa shamba. Hapo upepo ulipita chini na juu. Ilikaa siku nne, ikigeuzwa alfajiri tu.

Tulijua imekauka kwa kukwangua shina na ukucha: ganda lisipobanduka, maji yameisha. Ilisombwa saa kumi na mbili asubuhi juu ya turubai, na unga uliodondoka ulirudishwa nyumbani na turubai lake. Tulipima kilo 360, rangi ya kijani ya kufifia, harufu kama ya chai. Ilihifadhiwa kwenye dari juu ya banda, mbali na mvuke wa mkojo.

Wiki hiyohiyo niliwaomba waongeze maji kutoka ndoo 2 hadi 3 kwa kila anayekamuliwa. Anayekula chakula kikavu hivyo anayahitaji. Nalisema hapa mapema kwa sababu linaathiri jinsi ya kusoma matokeo.

Wiki za maziwa

Siku nne za kwanza hakuna kilichobadilika isipokuwa kinyesi, ambacho kililegea na kutandaa. Siku ya sita mzee alinipigia simu kusema Baka amelamba hori. Tulipopima mwishoni mwa wiki ya pili, kati ya kilo 10 za mabua yaliyowekwa yalibaki 2 na nusu. Yaani alikuwa anakula kilo 2 na nusu za ngwara, na juu yake kilo 2 zaidi za yaleyale mabua aliyokuwa anayakataa.

Mzee alirudia kusema kwamba ngwara imewapa hamu ya kula, kama pilipili. Nilimweleza kwamba hamu imetoka tumboni: vijiumbe vimepata chakula, mabua yanachachuka na kushuka upesi, nafasi inapatikana. Hesabu ya protini ilikuwa imepanda hadi asilimia 7 na kidogo ya chakula chote. Si nyingi. Ilitosha kuvuka ule mstari.

Wiki ya tatu Baka alifika lita 6 na nusu, Mwekundu lita 6 na nusu pia. Jumla lita 4 zaidi kwa siku kuliko Julai. Kukonda kulisimama, ingawa hawakunenepa.

Mwishoni mwa Septemba, siku 30 tangu tuanze, mzee aliamua bila kuniuliza kumwongezea Baka hei hadi kilo 5, kwa kuwa ndiye aliyeonyesha faida kubwa. Ninamwelewa. Mtu akiona dawa imefaa, kuzidisha ni jambo la kwanza linalokuja akilini. Baka alipanda hadi lita 7. Lakini mabaki ya mabua yalirudi kuwa kilo 4: alikuwa anashiba hei na kuacha mabua. Kilo 2 na nusu za kwanza zilileta lita 2 na nusu. Kilo 2 na nusu za pili zilileta nusu lita. Hei iliyokuwa inatumika kilo 5 kwa siku ikawa inatumika kilo 7 na nusu.

Hei ilipoisha

Ilikwisha tarehe 23 Oktoba. Kwa kipimo cha awali ingefika wiki ya kwanza ya Novemba. Mvua za vuli mwaka ule zilichelewa hadi katikati ya Novemba, na majani ya kukata hayakupatikana mpaka mwezi ulipokuwa unakwisha.

Mzee alinunua mabua ya maharage kuziba pengo, akisema nayo ni mikunde. Ni kweli ni mikunde, lakini maharage yakishakomaa majani yote yameanguka, yanabaki mashina na maganda matupu, na protini yake mara nyingi ni ya asilimia 6 hadi 8. Hayakufikisha popote. Ndani ya siku nane maziwa yalishuka hadi lita 5 kwa kila mmoja.

Jambo lililoniuma ni kwamba shambani kulikuwa na masalia ya ngwara ya mama. Mbegu zilikuwa zimeshachumwa, lakini mimea mingi ilikuwa bado na majani ya kijani nchani. Wakati mzee analipia maharage, masalia hayo yalikuwa yanaliwa na mbuzi wa watu wengine, kwa kuwa baada ya mavuno mashamba ya tambarare huwa ni malisho ya kila mtu.

Na kuna Mweusi. Katika mipango yetu yote tulikuwa tumehesabu ng'ombe wanaokamuliwa. Yeye alikuwa mkavu, haleti lita, na katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, wakati ndama anakua kwa kasi kuliko wakati wowote, alikula mabua ya mpunga bila pumba na bila hei. Alizaa Novemba mwanzoni. Ndama alikuwa mdogo, kilo 22, alichelewa kusimama na ilibidi anyonyeshwe maziwa ya kwanza kwa chupa. Aliishi. Mama yake alianza na lita 6 badala ya 11 za uzao uliotangulia, na hakupata joto la kutaka dume hadi miezi mitano ilipopita. Nimerudia daftari langu la ziara: nilipita mbele ya Mweusi mara saba kati ya Julai na Oktoba, na mara zote niliandika "mkavu, mzima".

Jibu la swali la mama

Ekari moja na robo iliyoachwa kwa mbegu ilitoa debe 8 na nusu. Kwa hiyo robo tatu tuliyoikata ingetoa kama debe 5. Wakati ule debe lilinunuliwa shambani kwa shilingi 40,000: jumla shilingi 200,000.

Daftari la maziwa, kwa siku 58 za hei ya pili, lilikuwa na lita 218 juu ya kiwango cha Julai. Kwa shilingi 1,000 kwa lita ni shilingi 218,000. Ukitoa kirikuu mbili na turubai, mama hakupata faida. Debe moja lilikuwa limempa lita 44 hivi.

Nilimpelekea hesabu hiyo mwenyewe, kama ilivyo. Lakini nilimpa na ya pili: lita zote hizo zilitoka kwenye nusu ekari. Robo ya kwanza haikuleta kitu. Nusu ekari ni kama debe 3 na nusu, na kwa hesabu hiyo kila debe lilitoa lita zaidi ya 60. Tofauti kati ya kutopata na kupata ilikuwa ule unga wa kijani uliofagiwa kwenye gari.

Uchambuzi

Tulipofanikiwa, tulifanikiwa kwa sababu ya kuitumia hei kama chachu ya mabua. Ng'ombe wa boma hili wataendelea kula mabua ya mpunga kila kiangazi, kwa kuwa ndiyo yanayopatikana, na hei ya ngwara haitatosha kuyaondoa. Kazi yake ni kuyafanya yalike. Kiasi cha moja ya tano ya chakula kikavu cha siku, kikitolewa kila siku bila kukosa, kilifanya kazi hiyo. Kikizidi hapo, mnyama anaacha mabua ya bei nafuu na kula hei ya bei ghali. Hili ndilo ninalolisisitiza sasa kwa kila anayetaka kumpa hei nyingi ng'ombe mmoja anayempenda: ungempa wa pili hiyo ya ziada, ungepata lita mara kadhaa.

Siwezi kudai kwamba lita zote 218 ni za ngwara. Ndoo ya tatu ya maji iliongezwa wiki ileile, na ng'ombe anayenyweshwa vizuri hula zaidi na kutoa zaidi. Ningependa kuwa nimeongeza maji Julai, kabla ya hei, ili tujue kila kimoja kimechangia nini. Zaidi ya hapo, walikuwa na kiu na hakukuwa na sababu ya kuwasubirisha. Kushuka kwa maziwa hei ilipoisha, huku maji yakibaki ndoo 3, kunanifanya niamini kwamba sehemu kubwa ilikuwa ya hei.

Hei pia haikutatua kila kitu. Mabua ya mpunga yana nguvu kidogo hata yakichachuka vizuri, na ndiyo maana Baka hakurudi kwenye lita 9. Anayetaka kufika huko kiangazi lazima aongeze pumba au chakula kingine cha nguvu juu ya hei. Kwanza protini ili mabua yalike, ndipo pumba. Tukianza na pumba peke yake, tunalipia nguvu huku rundo la mabua linaoza kwenye hori.

Uamuzi wa kukata wakati wa maua ulikuwa sahihi kwa ubora, ila niliufanya kana kwamba kuna njia mbili tu, mbegu au hei. Njia ya tatu ilikuwa pale: kuchuma maganda, kisha kukata masalia siku hiyohiyo yakiwa bado na majani, kabla mbuzi hawajaingia. Protini yake ni ndogo kuliko ya maua, labda inafaa zaidi kwa mtamba na ng'ombe mkavu, lakini haimgharimu mama hata debe moja. Sikuiona kwa sababu vitabu vyetu vinasema ngwara hukatwa ikiwa na maua, nami nilisimama hapo.

Kuhusu Mweusi, kosa halikuwa la mizani. Tulikuwa na kilo 360, na kilo 2 kwa siku kwa miezi miwili ya mwisho zingechukua theluthi ya hizo. Tungepoteza lita kadhaa za Baka na Mwekundu. Tungepata ndama mwenye nguvu, lita nyingi zaidi za uzao mpya, na joto mapema. Mpango uliopimwa kwa lita za siku humsahau mnyama ambaye lita zake ziko mbele.

Msimu uliofuata

Mama ndiye aliyegawa. Alitenga mistari ya pembeni mwa shamba, kama nusu ekari, ikatwe na maua. Iliyobaki ikawa ya mbegu, na masalia yake kukatwa siku ya kuchuma, mjukuu akiwa likizo ili kuwe na mikono. Mpakani mwa kihamba walipanda lusina na kaliandra, miti ya malisho. Bado ni miche, na lusina nimewaonya isizidi theluthi ya chakula cha siku kwa ajili ya ile sumu yake ya mimosini.

Hei ya mwaka huo ilipanda darini ikiwa mafungu mawili. Fungu la kijani zaidi lilikuwa na kitambaa chekundu. Nilipouliza, mzee alisema la kitambaa ni la Mwekundu, ambaye sasa ndiye mwenye mimba, na kwamba mama amekataza lisiguswe na mtu mpaka Septemba.